Kikombe cha Dabaso

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya maji nilishikwa na hamu ya mtoto ambaye sikuwa nimewahi kumtia machoni. Nilimwacha mke wangu kwetu Kitui akiwa na mimba ya miezi minne, nikashuka pwani kufuata kazi, na habari kwamba nimepata binti ilinifikia kwa barua, wiki tatu baada ya kuzaliwa kwake. Barua iliandikwa na shemeji yangu, maana mke wangu aliuonea aibu mwandiko wake mwenyewe. Ilisema mtoto ana afya, ana nywele nyingi, na akilia majirani wote hujua. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya maji Malindi, nikaikunja, nikaifunua, nikaisoma tena. Sikuona sura yoyote. Nilijaribu kumfikiria mtoto huyo na kila mara nilipata tu kitambaa cheupe kilichofunikwa juu ya kitu.

Likizo sikuwa nayo. Nilikuwa kibarua, na kibarua akiondoka wiki moja hukuta mtu mwingine ameshika beleshi lake. Basi nilikaa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta vitu vilivyopotea ardhini. Mabomba ya maji yalilazwa zamani, na hapa na pale palikuwa na koki kubwa ya kufungia maji, yenye kifuniko cha chuma kilicholingana na uso wa ardhi. Lakini barabara zilipanuliwa, mchanga ukahama, watu wakalima, ramani zikaliwa na mchwa. Bomba likipasuka, maji yalimwagika siku nzima kwa kuwa hakuna aliyejua koki iko wapi. Ndipo ofisi ikaletewa mashine ya kutafutia chuma: fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini, kisanduku cha mawe ya tochi katikati, na waya uliokwenda kwenye visikizio vya kuvaa masikioni. Sahani ikipita juu ya chuma, visikizio vinalia. Wanakijiji waliiita mashine ya kunusa. Sisi tukaishia kuiita pua.

Aliyenifundisha kuitumia alikuwa fundi wa mabomba, mzaliwa wa mji wa kale wa Malindi, mtu wa miaka hamsini na kidogo. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa kugonga vyuma tangu ujana, kwa hiyo alivaa kisikizio cha kulia tu, na kile kingine kikamning'inia shavuni. Alikuwa mwepesi wa hasira na msafi kupita kiasi. Kabla ya kuingia shimoni alikunja suruali mara tatu, mikunjo sawasawa kama ya duka, na saa ya kurudi nyumbani ilipofika hakuwa na doa. Mimi aliniita Bara, kwa kuwa nilitoka bara.

"We Bara," aliniambia wiki ya kwanza, "Kiswahili chako kina changarawe. Lakini masikio unayo mawili. Hebu tuone."

Siku ya kwanza kunikabidhi pua, nilisikia mlio mkali kando ya barabara ya Gede, nikapiga kelele, "Hapa, Fundi!" Aliketi juu ya ndoo akaniacha nichimbe. Nilichimba mpaka kiunoni, jua la saa saba utosini, nisione hata msumari. Ndipo akainuka, akachukua pua, akaipitisha juu ya lundo la mchanga niliotoa. Ikalia. Akainama akaokota kizibo cha soda. Kilikuwa mle tangu beleshi la kwanza.

"Yakhe, umeambiwa kuna kitu, hukuambiwa ni nini," alisema. "Wewe ukasikia unachotaka."

Tangu siku hiyo alinifundisha kuhakikisha kabla ya kugusa beleshi. Kwanza, vua mkanda wenye kifungo cha chuma na toa funguo mfukoni, usije ukajitafuta mwenyewe. Kisha ipitishe pua mahali pasipo na kitu, usikie ardhi yenyewe inavyosema, maana udongo mwekundu wa Gede una mvumo wake, na mchanga wa karibu na mkondo wa Mida, wenye chumvi, una wake. Ukipata mlio, rudi juu yake. Kitu cha kweli hulia ukienda na ukirudi. Kinacholia upande mmoja tu hakiaminiki. Chora mstari kwa kisigino. Halafu geuka, uje kutoka ubavuni, upite tena, uchore mstari wa pili. Mistari ikikatana mahali pamoja na sauti ikabaki ileile, umesimama juu ya kitu cha duara. Sauti ikinyooka na kukufuata, ni bomba. Ikikatikakatika unapogeuka, ni msumari au kipande cha mabati. Mwisho, inua pua polepole. Kitu kidogo cha juujuu hunyamaza mara moja. Kikubwa kilichozama huendelea kukuita hata ukiifikisha magotini. Baada ya hayo yote ndipo unachukua nondo yenye mpini, unaidunga taratibu. Jiwe hukwaruza, mzizi hubonyea, chuma hulia mkononi kabla ya kulia sikioni.

Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyevaa visikizio hasikii hamu yake mwenyewe. Nilikuwa mzima mpaka nilipovivua.

Mwezi wa kumi na mbili wa kazi tulipelekwa Dabaso, kutafuta koki iliyopotea kwenye njia iliyopanuliwa. Kando ya njia hiyo alikaa mama mmoja, Mgiriama, mwembamba, anayekaribia umri wa Fundi, akishona makuti ya kuezekea. Siku mbili alitutazama bila neno. Mikono yake ilikunja majani na kupitisha ugwe bila yeye kuiangalia. Macho yalikuwa kwenye pua. Siku ya tatu, Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri, aliniita.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi." "Hiyo mashine yenu yasikia chuma tu?"

"Chuma, mama. Na shaba, na bati."

"Na kikombe? Kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu?"

"Kikiwa chini ya ardhi?"

"Chini ya ardhi. Mwaka wa kumi na saba huu."

Nikadhani ni cha kufichia vitu, kama watu wanavyoficha. Nikauliza kina nini ndani.

"Hakina kitu," akasema. "Kiko juu ya mwanangu."

Aliacha kushona akanieleza. Alikuwa na binti wa miaka minne, akafa kwa surua. Walimzika nyuma ya nyumba yao, hatua chache kutoka hapo tulipokaa. Baba yake alizungushia mawe, na kichwani pa kaburi akakifukia kikombe cha mtoto, kifudifudi, kitako tu kikaonekana juu, maana mtoto huyo hakukubali kunywa kwa kikombe kingine. Mwaka uliofuata mumewe alipata kazi kwenye mashamba ya katani upande wa Kilifi, wakahamia huko. Mume akafa hukohuko. Aliporudi Dabaso hakukuta nyumba. Mawe ya kaburi yalikuwa yamechukuliwa na wachoma chokaa, mkwaju aliokuwa akiukumbuka umekatwa hata kisiki hakionekani, na mahali pote pamepandwa mikorosho.

"Kila asubuhi naja," alisema. "Nasema ni hapa. Halafu nasema la, ni pale. Huenda namkanyaga. Na mwenye shamba asema mwezi ujao ajenga. Mimi sitaki kumfukua, mwanangu. Nataka nijue tu alipo, nimwambie mwenye shamba, hapa usichimbe."

Fundi aliporudi nikamweleza mbele ya yule mama. Alisikiliza huku akikunja suruali.

"Mama, pole sana, Mungu akupe subira," akamwambia kwa upole. Kisha akanigeukia mimi na upole ukaisha. "Mashine ni ya serikali, na maiti ni wa Mungu. Sisi twatafuta koki."

Yule mama hakubishana. Alirudi kushona makuti. Mimi nilivaa visikizio, lakini siku hiyo havikunisaidia. Nilikuwa nikifikiri kwamba yeye anajua sura na sauti ya binti yake, anajua hata kikombe chake, ila hajui alipo. Mimi najua njia mpaka mlango wa nyumba alipo wangu, na sijui kitu kingine chochote. Kabla hatujaondoka nilimwendea nikamwambia, Fundi akinisikia, Jumapili nitakuja, hata bila mashine, nimsaidie kwa macho.

Jumapili nilitembea kutoka Gede, nilikopanga chumba, nikafika Dabaso mapema. Yule mama alikuwa amesimama kati ya mikorosho, amevaa kanga safi kama aendaye mkutanoni. Mwenye shamba alikuwa ameturuhusu tupite, mradi tusikate mizizi. Hatujaanza, nikasikia kengele ya baiskeli. Fundi alikuwa anakuja, na nyuma yake, juu ya keria, kitu kirefu kimefungwa kwa shuka.

"Sikuja kwa ajili yako," aliniambia hata sijamsalimu. "Nilimhadithia mke wangu. Hakunijibu, alinitazama tu. Chai haikushuka." Akamwamkia mama, akamwuliza kama amemwia radhi kwa maneno ya juzi. Mama akasema hakuna la kusamehe.

Tukapima eneo kwa kamba ya katani, tukaligawa njia nyembamba, kila njia upana wa hatua moja. Mama alitoa sharti moja. Alipoiona ile nondo akaishika kwa mikono miwili.

"Hii hapana," alisema. "Msimdunge mwanangu."

Fundi akaichukua, akaenda kuiegemeza kwenye baiskeli. Hakurudi kuitazama tena. Kwa hiyo tulibaki na masikio peke yake.

Mimi ndiye niliyeanza na pua. Ardhi ile ilikuwa nyumba ya watu zamani, na nyumba ya watu huacha vyuma vingi kuliko barabara. Kulikuwa na mlio kila hatua mbili. Njia ya tatu, visikizio vikalia kwa nguvu, sauti nene, safi. Nikarudi, ikalia tena. Sikugeuka kuja kutoka ubavuni, sikuinua pua, sikuchora hata mstari. Yule mama alikuwa ameniangalia usoni na nadhani uso wangu ulikuwa umekwisha kusema. Nikamwambia, "Mama, ni hapa."

Alikuja mbio. Alitandika kanga yake chini akapiga magoti, akaweka viganja juu ya mchanga, akaanza kusema na mtoto kwa Kigiriama. Sikuelewa maneno yote, lakini nilielewa kwamba anaomba radhi, na kwamba anamhesabia mtu aliyechelewa kuambiwa mambo mengi: nani amekufa, nani ameolewa, kaka yake yuko wapi. Alilia bila kujificha.

Fundi alinijia, akanivua visikizio, akakivaa kile kimoja. Alisubiri mpaka mama aliponyamaza. Ndipo akamwomba, kwa adabu kama mtu anayeomba apishwe mlangoni mwa watu, asogee kidogo. Akapita kutoka ubavuni. Nilimwona akifunga macho. Akapita tena kwa mshazari. Sauti, aliniambia baadaye, ilikuwa ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili. Akachuchumaa, akafuta mchanga kwa vidole. Hakuhitaji kuchimba sana. Lilikuwa jembe, jembe bovu lisilo na mpini, limelala ubavu.

Mama alilitazama. Akaokota kanga yake, akaikung'uta, akajifunga. "Hili lilikuwa la mume wangu," alisema. Halafu akaenda kuketi mbali nasi, ametupa mgongo.

Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, na mengine yaliumiza watu zaidi. Lakini hilo nikilikumbuka bado hujikuta nimeinamisha kichwa, hata nikiwa peke yangu. Nilimpa mtu binti yake kwa robo saa, kisha nikamnyang'anya, kwa sababu tu nilitaka sana iwe ni yeye.

"Sasa sikiliza," Fundi alisema kwa sauti ya chini. Nilitarajia anitukane, hakunitukana. "Hatusemi neno lolote mpaka tumemaliza shamba lote. Hata tukisikia malaika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

"Na hatujui kikombe kina sauti gani. Tumejifunza koki, hatukujifunza kikombe." Akamwendea mama, akachuchumaa mbele yake. "Mama, kikombe hicho kilikuwa cha peke yake?"

Mama alifikiri. Akasema la, vilikuwa viwili. Alivinunua siku moja, duka moja la Malindi, kimoja cha binti na kimoja cha kaka yake. Kile cha kaka kipo nyumbani, anapimia unga.

"Tuazime," Fundi akasema.

Mama alikwenda akarudi nacho, kina vumbi la unga ndani. Kilikuwa kimebanduka rangi kwenye kitako, lakini ule ukingo wa buluu ulikuwepo. Tulikwenda nje ya eneo letu, mahali ambapo pua haikulia kabisa, Fundi akachimba kishimo cha shubiri moja, akakilaza kikombe kifudifudi kama mama alivyoeleza, akakifunika. Tukasikiliza. Tulikuja kutoka pande nne, mmoja baada ya mwingine, tukibadilishana visikizio. Sauti ilikuwa ya mviringo. Sina neno jingine. Ilianza polepole, ikajaa, ikapungua vilevile, upande wowote unaokuja. Tukainua pua: ikanyamaza ilipovuka katikati ya muundi. Tukakifukua, tukakizika shubiri mbili, tukasikiliza tena. Sauti ileile, lakini ya mbali zaidi, na ikanyamaza mapema. Tulirudia mpaka nikaijua kama unavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani kwenu.

Kisha tukarudi kwenye kamba zetu tukaanza upya, njia ya kwanza. Kila mlio tuliugeukia, tukauchora, tukauinulia pua. Misumari ilijikatakata yenyewe. Makopo ya samaki yalikuwa na sauti ya kurefuka. Mfuniko wa sufuria ulipiga kelele hata nilipoifikisha pua kiunoni. Palipolia sawa na kikombe tuliweka jani la mkorosho na kijiwe juu yake, bila kusema, tukaendelea. Mama alikuwa amegeuka sasa, anatutazama. Aliona majani, wala hakuuliza.

Ilipofika saa tisa alasiri tulikuwa tumemaliza njia zote, na majani yalikuwa mawili tu.

La kwanza lilikuwa karibu na mpaka wa shamba. Fundi alikusanya udongo kidogo wa hapo kwenye kiganja, akausugua. Ulikuwa mweusi, una majivu na vipande vya mkaa.

"Mama, jiko lenu lilikuwa wapi?"

Mama alisimama, akatazama huku na huko kama mtu aliyeamka usingizini. Alipoliona jivu lile mkononi mwa Fundi akashika mdomo. "Lilikuwa nje, upande wa machweo. Ni hilo. Ni jiko langu."

Basi pale hapakuwa kaburi, hakuna anayezika jikoni, na mama mwenyewe akasema tuchimbe. Tulichimba kwa mikono tukatoa kopo la tumbaku, la duara, limeoza. Nilipumua. Lakini sikusema kitu.

Na kwa kuwa sasa alijua jiko lilipokuwa, mama alijua na mlango. Alisimama kwenye majivu akaupa jua mgongo, akahesabu hatua kwa mdomo, akazunguka nyumba ambayo haikuwepo, akipinda kwenye pembe zake. Alitembea bila kuangalia majani yetu. Aliposimama, jani la pili lilikuwa hatua mbili mbele ya miguu yake.

Fundi aliniashiria. Nikavaa visikizio nikapita kutoka pande zote nne. Nikainua pua. Nikamkabidhi Fundi, naye akafanya vilevile, amefumba macho. Alipomaliza alimwambia mama, "Hapa pana kitu cha duara, kiasi cha kikombe chako, kina cha shubiri moja na kidogo. Hilo naweza kuapa. Zaidi ya hilo siwezi. Mkono uwe wako."

Mama alipiga magoti. Safari hii hakutandika kanga, na hakusema kitu. Alisogeza mchanga kwa kingo za viganja, kidogo kidogo, kama anayepangusa uso wa mtu aliyelala. Ilichukua muda mrefu. Kisha mkono wake ukasimama. Hakukitoa. Aliingiza vidole ubavuni mwa kile kitu, akapapasa, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Una waya," alisema. "Mkono wa kikombe ulikatika, baba yake akaufunga kwa waya. Huu hapa."

Fundi aligeuka upande, akainua viganja akasoma dua kimoyomoyo. Mimi nilisimama tu na pua mkononi, nikiwa nimeizima. Mama alikaa vile, vidole chini ya mchanga, mpaka vivuli vya mikorosho vikamfikia. Kisha akarudisha mchanga wote, akaulainisha. Tulimtafutia mawe tukazungushia. Mwenye shamba alikuja kuona, akavua kofia, akasema nyumba yake itasogea. Alitimiza. Miaka yote niliyofanya kazi upande ule mahali hapo palibaki, na mama alipanda mrihani kuzunguka mawe, ukashika vizuri.

Kabla hatujaondoka alituletea maji ya madafu. Fundi alikuwa anafunga pua kwenye shuka. Mama akaniuliza, "Nawe mwanangu, una watoto?"

"Ninaye mmoja, mama. Binti. Lakini sijamwona."

"Hujamwona vipi?"

"Alizaliwa mimi nikiwa huku. Sasa ana miezi saba."

Alinitazama kama hakunisikia vizuri. "Yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Na nyumba wajua ilipo?"

"Naijua."

"Basi wafanya nini hapa?"

Nilianza kusema habari ya ukibarua, ya kazi kuchukuliwa na mtu mwingine, na maneno yakanifia mdomoni. Fundi alikuwa ameacha kufunga. Tulitembea pamoja mpaka njia panda ya Gede, yeye akisukuma baiskeli, tukasimama kuagana.

"Kesho usije," alisema. "Nenda kwenu. Beleshi lako nitalishika mimi."

"Fundi, na ofisi?"

"Ofisi inasikia kwa sikio langu la kushoto," alisema, akapanda baiskeli akaondoka.

Nilifika nyumbani siku ya pili, adhuhuri. Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Aliponiona aliziachia zote zikaanguka vumbini, akacheka, halafu akakasirika, halafu akalia. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika kiganda cha mahindi. Nilimwinamia. Alinitazama kwa makini sana, uso mzima, akapiga yowe ambalo kweli majirani walilijua. Siku nne hakukubali nimshike. Nikiingia mlangoni alimkumbatia mama yake shingoni. Mke wangu alisema nivumilie, hajazoea wanaume. Nilikuwa nakaa mbali kidogo kwenye mkeka, bila kumtazama sana, nikimenya viazi vitamu. Siku ya tano alitambaa mwenyewe, akashika goti langu akajiinua, akanitia mdomoni kipande cha kiazi alichokuwa amekitafuna. Nilikila. Akatafuna kingine, akanipa.

Siku ya sita niliondoka, na nilijua njia nzima kwamba nimejiharibia. Zamani hamu yangu ilikuwa ya kitambaa cheupe. Sasa ilikuwa na uzito, na joto la mgongoni, na harufu ya maziwa yaliyokauka shingoni. Niliporudi kazini Fundi alikuwa shimoni badala yangu, suruali imejaa matope mpaka mapajani. Alinirushia beleshi. "Mwanao?" akauliza. Nikamwambia anafanana na mkewe, ulimi uliteleza, nikasema la, anafanana na mama yake. Alicheka mpaka akaketi.

Mke wangu na mtoto walinifuata Gede mwaka mmoja baadaye, katika chumba kimoja chenye joto ambalo mke wangu hakulizoea kamwe. Mwaka huo mmoja ndio mrefu kuliko yote niliyoishi. Asubuhi ile ya siku ya sita, nilipowaacha kwenye kituo cha basi, mtoto alikuwa mikononi mwangu, na mama yake alipomchukua alikuwa ameng'ang'ania kifungo cha shati langu, cha tatu kutoka juu. Kikang'oka akabaki nacho kiganjani. Mke wangu alitaka anirudishie. Nikamwambia amwachie, ila aangalie asikitie mdomoni, nikapanda basi.